Chuma Kiling'olewa, Njia Ikapotea

Ndugu msikilizaji, mwenzetu mmoja wa Gerezani ameniletea swali fupi. Anauliza: je, iko nchi yoyote iliyowapa wenye baiskeli njia yao wenyewe, isiyopitwa na gari hata moja, na kama iko, waliitoa wapi ardhi? Sehemu ya pili ya swali ndiyo iliyonikamata. Watu wengi huuliza fedha zilitoka wapi. Huyu ameuliza ardhi, na mtu anayekaa Gerezani, penye reli upande mmoja na Kariakoo upande wa pili, anajua vizuri kwamba fedha huja na kuondoka, lakini ardhi ikishajengwa imejengwa.

Nchi hizo zipo kadhaa. Leo nitachukua moja tu, nayo ni Hispania, kwa sababu habari za reli zake zinafanana na zetu kuliko unavyoweza kudhani. Kisha nitakurudisha nyumbani, maana huku nyumbani ndiko kwenye mazungumzo hasa.

Hispania ilianza kujenga reli mwaka 1848, kutoka Barcelona hadi mji mdogo wa Mataró. Baada ya hapo zikafuata nyingine nyingi, na nyingi kati ya hizo zilijengwa kwa mitaji ya Wafaransa na Waingereza. Utaona mwenyewe zilikoelekea: machimboni na bandarini. Mtaji ukitoka nje hauji kutazama mandhari. Palipokuwa na shaba, risasi au chuma, reli ilifika. Palipokuwa na wakulima tu, reli ilipita ikiwa palikuwa njiani.

Mfano mmoja unatosha. Katika milima ya Teruel, bara kabisa, kuna mahali panapoitwa Ojos Negros palipokuwa na machimbo ya chuma. Kampuni iliyokuwa ikichimba haikuelewana na kampuni ya reli iliyokuwapo juu ya nauli ya kusafirisha mawe hayo hadi pwani. Basi wachimbaji wakafanya jambo ambalo mtu mwenye hasira na fedha anaweza kulifanya: wakajenga reli yao wenyewe, kilometa 204 hadi bandari ya Sagunto, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikwenda sambamba na ile ya kwanza, bega kwa bega. Treni ya kwanza ya mawe ilipita mwaka 1907. Mwaka 1972 reli hiyo ikafungwa. Kwa hiyo bonde moja lilibaki na reli mbili, moja hai na moja maiti.

Na maiti hazikuwa chache. Malori yalipoongezeka na vijana wa vijiji vya bara wakahamia Madrid na Barcelona kutafuta maisha, reli moja baada ya nyingine ikawa haina mzigo wala abiria. Mwaka 1985 serikali ilizifunga nyingi kwa mkupuo. Ilipofika mwaka 1993, njia zilizokuwa hazitumiki tena zilihesabiwa kuwa zaidi ya kilometa 7,600. Fikiria umbali huo: ni kama kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma mara sita. Magugu yalikuwa yamefunika mataruma, stesheni zimeezuliwa, popo wamehamia kwenye mahandaki.

Mwaka huo huo wa 1993 ndipo mpango uliopewa jina la Vías Verdes, yaani Njia za Kijani, ulipoanzishwa. Msimamizi wake ni taasisi inayohusiana na mashirika ya reli yenyewe, na jambo hili nakuomba ulishike kwa sababu tutalihitaji mbele. Wazo lilikuwa jepesi. Vyuma vimekwisha ng'olewa au vitang'olewa, tuta limebaki. Basi tuta lisawazishwe, limwagiwe changarawe na kushindiliwa, mahandaki yawekwe taa, madaraja yawekwe kingo, kisha wapite watu wa miguu, wa baiskeli, wa farasi, na walemavu katika viti vyao vya magurudumu. Magari marufuku. Leo zaidi ya kilometa 3,000 zimekwisha kufanywa hivyo.

Kwa nini tuta la reli likawa njia nzuri hivyo ya baiskeli? Waulize waliowahi kufanya kazi reli, watakuambia. Treni ni mnyama mwenye nguvu nyingi lakini hajui kupanda. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza, kwa hiyo mhandisi wa reli hakubali mwinuko mkali. Ikipanda meta 2 au 3 kwa kila meta 100 tayari anakuna kichwa. Penye kilima alikata, penye bonde alijaza kifusi, penye mlima mkubwa alitoboa. Na kona zake ni pana, maana behewa halikunji kama gari. Mhandisi huyo alikuwa anaihurumia injini yake tu. Lakini miaka 100 baadaye bibi wa miaka 70 anapanda baiskeli juu ya tuta lile lile, katikati ya milima, na hapumui kwa shida. Ile jasho ya kupanda ililipwa zamani na watu wenye sururu.

Huko Andalusia, kusini, iko njia ya kilometa 128 inayopita kwenye mashamba ya mizeituni kutoka Jaén kwenda Puente Genil. Zamani wenyeji waliiita Treni ya Mafuta, kwa sababu ilikuwa ikibeba mafuta ya mizeituni. Madaraja yake makubwa ya chuma bado yamesimama. Kwa siku nzima mtu anaweza kuendesha baiskeli katikati ya miti na asisikie honi. Si mbali sana na hapo iko nyingine ya kilometa 36, kati ya Puerto Serrano na Olvera, yenye mahandaki 30, na hiyo ndiyo inayonichekesha na kunihuzunisha. Ilianza kujengwa miaka ya 1920. Walitoboa milima, wakainua madaraja, wakajenga stesheni. Kisha fedha zikaisha, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingia mwaka 1936, na treni haikupita hata siku moja. Stesheni zilisimama pale zikingoja abiria wasiokuja. Abiria wa kwanza wa njia ile ni wapanda baiskeli, na sasa baadhi ya stesheni hizo zina chakula na vitanda vya wageni.

Usije ukadhani kwamba Hispania ni peponi. Kuna mahali ambapo kipande cha njia kiliuzwa, au mtu alikwisha kulima au kujenga, na hapo mpanda baiskeli hulazimika kutoka kwenye tuta na kuingia barabarani pamoja na malori mpaka aipate tena njia mbele. Njia ndefu inaweza kukatwa na uwanja wa mtu mmoja. Lakini kwa jumla ardhi ile haikuuzwa. Ilibaki mikononi mwa umma na mashirika ya reli, ikakodishwa kwa halmashauri za miji na mikoa ili zitengeneze njia. Wenye reli waliacha treni, hawakuacha ardhi.

Sasa turudi kwetu.

Nasi pia tunazo reli zilizokufa, msikilizaji, na wengi wetu hatujui. Ya Unguja ni maarufu kidogo. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilimaliza reli ndogo kutoka Ngome Kongwe mjini hadi Bububu, yapata kilometa 11. Ilipita karibu mno na nyumba za watu. Katika miaka ya 1920 magari yaliishinda, ikafungwa. Leo anayekwenda Bububu hupanda daladala, na mwenye baiskeli hujibana pembeni mwa lami akiomba Mungu.

Lakini ile kubwa ni ya Kusini, na hapa naomba tukae kidogo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Mwaka 1946 wakubwa wa London wakavutiwa na wazo la kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu, kwa matrekta. Mahali palipochaguliwa palikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Habari ya Kongwa nimekwisha kuisimulia hapa zaidi ya mara moja: matrekta mabovu yaliyookotwa kwenye maghala ya vita, vifaru vilivyogeuzwa kuwa vya kulimia, udongo uliokauka ukawa kama saruji. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulitupwa, na pauni zaidi ya milioni 30 za walipa kodi wa Uingereza zikawa zimekwenda na maji. Yaliyosahauliwa ni ya Nachingwea. Ili karanga zifike baharini ilihitajika bandari yenye kina, ikachaguliwa Mtwara. Na ilihitajika reli. Wakaanza upande wa Lindi, pale Mkwaya, na mwaka 1949 treni ikafika Nachingwea. Baadaye njia ikafika bandari ya Mtwara, na tawi likaelekezwa Masasi.

Tazama jambo hili lilivyogeuka. Reli ilikuwa bado inajengwa wakati karanga zimekwisha kushindwa. Bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga, ilifunguliwa baada ya mpango wa karanga kuzikwa. Korosho, mihogo na ufuta wa wananchi havikutosha kujaza mabehewa yaliyopimwa kwa ndoto za London. Shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki lilikuwa likihesabu hasara kila mwaka, na mwaka 1962, nchi ikiwa na miezi tu ya uhuru, reli ya Kusini ikafungwa. Vyuma vikang'olewa. Mwaka uliofuata, 1963, kaskazini ikafunguliwa njia mpya ya kuunganisha reli ya Tanga na reli ya Kati, kutoka Mnyusi hadi Ruvu. Upande mmoja wa nchi ulikuwa unaunganishwa na upande mwingine unafunguliwa skrubu.

Sina ugomvi na waliokata shauri mwaka ule. Hazina ilikuwa ndogo, shule zilikuwa chache, na reli inayokula fedha kila mwezi ni mzigo hata kwa tajiri. Ninalolisema ni jingine. Vyuma vina bei, kwa hiyo vilihesabiwa. Mataruma yana bei, yalihesabiwa. Lakini kulikuwa na kitu cha tatu ambacho hakikuwa kwenye orodha ya vifaa: ukanda wa ardhi, mwembamba, mrefu, uliokwisha kupimwa, kukatwa, kujazwa na kusawazishwa, kutoka bahari ya Mtwara na Lindi kuingia bara hadi Nachingwea na Masasi. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa imekwisha kufanywa. Huo ukanda haukuwekwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Wakati ule watu wa Kusini walikuwa na baiskeli. Sehemu kubwa ya mikoa hiyo ni nchi ya baiskeli mpaka leo. Korosho hubebwa kwa baiskeli, wagonjwa hubebwa kwa baiskeli, bibi harusi vilevile. Walichokosa ni njia ambayo haifungwi na mvua. Tuta la reli limejengwa makusudi ili maji yasikae juu yake. Nani angehitaji kuwafundisha watu wa Nachingwea faida ya tuta kavu mwezi wa Machi?

Barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kusini ilichukua miaka mingi sana baada ya hapo. Mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja la Mkapa, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika basi la Lindi liliweza kulala njiani siku kadhaa. Vijana wengi wa Kusini walikuja mjini kwa safari hizo, na wengi wao walishukia Kariakoo. Ndipo miaka ya 1980 na 1990 tukapata neno jipya la mjini, machinga, ambalo wengi husema limetokana na Wamachinga wa Lindi. Sisemi kwamba kijana aliacha kijiji kwa sababu vyuma viling'olewa mwaka 1962. Mambo hayaendi kwa mstari mmoja hivyo. Nasema tu kwamba reli iliondoka kwao, na wao wakaondoka baada yake, na ukitaka kujua habari za reli ya Kusini leo nenda Mtaa wa Kongo uulize wauzaji babu zao walikuwa wakifanya kazi gani.

Na Kariakoo yenyewe, jina lake ni jina la mzigo. Wajerumani walikuwa wamepanga sehemu hiyo iwe ya Waafrika, mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, mbali na Uzunguni na Uhindini, na baadaye uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa katikati ili watu wasisogeleane. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916 waliweka hapo kambi ya kikosi cha wapagazi, wale walioitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na midomo yetu ikaifanya Kariakoo. Wapagazi hao ndio waliobeba vita kichwani kila mahali reli ilipokomea. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Nilipokuwa kijana nilidhani Kariakoo ni neno la Kizaramo. Mpaka leo nikipita sokoni, pale penye jengo lile la mwaka 1975 alilolichora Beda Amuli na ambalo moto wa Julai 2021 uliliunguza, huwa nawatazama wabeba mizigo na kuona kikosi kile bado kipo kazini.

Sehemu kubwa ya mzigo huo siku hizi uko juu ya baiskeli. Mkate wa asubuhi katika masanduku ya mbao. Kuku katika matenga. Mkaa. Samaki wa Feri. Fundi wa kunoa visu, ambaye baiskeli yake ni kiwanda. Na madafu, jiji hili lote linakunywa madafu yaliyosukumwa kwa baiskeli, nami sijapata kusikia hotuba hata moja ya kuwashukuru. Zamani zilikuwa Raleigh na Phoenix na Hero, na Swala yetu iliyotoka kiwanda cha hapa hapa Dar es Salaam. Sasa ni yoyote iliyopatikana. Wenye umri wangu mtakumbuka kwamba wenye baiskeli walikuwa wakilipa ada kwa halmashauri, na mgambo alikuwa akikamata baiskeli isiyo na kibati. Ada hiyo imekwisha kufutwa. Lakini kwa miaka yote iliyolipwa, mwenye baiskeli alikuwa akilipia nini? Hakupewa njia, hakupewa hata mstari wa rangi barabarani.

Mabasi ya mwendo kasi yalipoanza mwaka 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni na kushuka Msimbazi mpaka Gerezani, kwa mara ya kwanza mji huu ulijenga njia pana za miguu na za baiskeli kando ya barabara kubwa. Nilifurahi, nikasema hewani kwamba nimefurahi. Kisha bodaboda wakaigundua. Kisha biashara ndogondogo zikaigundua. Mwaka 2021 wafanyabiashara wa pembeni mwa barabara waliondolewa. Lakini njia isiyo na mwenyewe hujaa tena kama mtaro. Na hapo, ndugu msikilizaji, ndipo yule kijana ambaye babu yake aliona reli ya Kusini ikiondoka anapokutana na yule mwenye baiskeli: wanagombea meta mbili za zege katika Mtaa wa Msimbazi, na wote wawili wana haki, na hakuna hata mmoja aliyepewa mahali pake.

Nilizungumza na muuza madafu mmoja katika Mtaa wa Aggrey. Nilimwuliza anapita wapi asubuhi.

"Kaka, mimi nikitoka Buguruni nafuata reli mpaka Kamata," akaniambia. "Barabarani utakufa bure."

"Na treni ikija, mdogo wangu?"

"Treni ina adabu. Inapiga honi, halafu inapita pale pale ilipopita jana. Daladala hujui itapita wapi."

Ni hatari, na ni kosa kisheria, nami simpigii debe. Treni hujua kuua pia. Lakini jibu lake lina akili. Mtu yule, bila kusoma habari za Hispania, amekwisha kugundua kwamba njia iliyonyooka kuliko zote kuingia katikati ya mji ni ile waliyoipima Wajerumani kuanzia mwaka 1905. Haina kilima, haina kona kali, haina taa za barabarani, na inakwenda moja kwa moja kutoka wanakokaa watu wanyonge hadi wanakofanya biashara.

Sasa utaniuliza: unataka reli ing'olewe ili wauza madafu wapite? La hasha. Reli ile ya meta moja bado ina kazi yake, hata baada ya treni ya kisasa ya umeme kuanza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Reli hai ni bora kuliko njia ya baiskeli, na Wahispania wenyewe watakuambia hivyo. Wako wanaolaumu kwamba njia za kijani zimefanywa poza moyo kwa vijiji vilivyonyang'anywa treni. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Ninachotaka mimi ni kidogo zaidi ya hapo na kigumu zaidi: kwamba reli yoyote ikisimama, au kipande chake kikihamishwa, mtu mmoja serikalini awe na kazi ya kuulinda ukanda ule kabla hujagawanywa viwanja. Njia ya baiskeli ni namna moja ya kuulinda. Ardhi inayopitiwa na watu kila siku ni vigumu kuimega usiku.

Wako watakaosema reli ikifa haifufuki, kwa hiyo kuulinda ukanda ni kulinda kaburi. Sikubali. Reli ya kwenda Moshi na Arusha ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria, miti ikaota katikati ya vyuma, watu wakajenga mpaka kwenye tuta. Treni ilirudi Moshi mwaka 2019, na Arusha mwaka 2020. Wakenya nao mwaka huo wa 2020 waliifufua ya Nanyuki. Haya yaliwezekana kwa sababu moja tu: ukanda ulikuwa bado upo, na palipovamiwa wavamizi waliweza kuambiwa waondoke, ingawa kwa machozi. Nimewaona watu waliopigiwa alama ya X ukutani kwa sababu ya hifadhi ya reli. Wengi walijenga pale kwa sababu hapakuwa na mtu aliyewaambia mapema kwamba ile ni njia. Kijiti, bango, mpanda baiskeli anayepita kila asubuhi, chochote kingewaambia kabla hawajanunua tofali.

Kusini hakuna cha kufufua. Huko serikali ina mpango wa reli mpya, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma kwenye makaa ya mawe na Liganga kwenye chuma. Ni yapata kilometa 1,000. Reli ya machimbo na bandari tena, kama ile ya Ojos Negros. Siipingi hata kidogo; watu wa Kusini wameingoja tangu 1962. Ila ili ipite, itabidi wapimaji waanze na vigingi upya, wathamini wahesabu mikorosho upya, na fidia ilipwe kwa kila shamba, ikiwa ni pamoja na mashamba ambayo babu wa mwenye shamba aliliona tuta likipita hapo hapo. Gharama hiyo haitaandikwa popote kwamba ni bei ya ukanda uliosahauliwa. Itaandikwa tu fidia.

Ningependa wanaochora ramani hiyo waweke, kando ya reli, pale nafasi inaporuhusu, njia ya changarawe ya meta tatu kwa ajili ya mwenye baiskeli ya korosho. Itakuwa njia ya kazi, si ya watalii, ingawa watalii wakija hatutawafukuza. Kuichora sasa ni wino tu. Kuidai baada ya vyuma kulazwa ni kazi ya kizazi kizima, waulize wa Mtaa wa Msimbazi.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutashuka bandarini, kwenye habari ya majahazi.